Siku Niliyomshtaki Mama Mkwe kwa Pombe

Ipo siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu, siku niliyokwenda mbio kwa mwenyekiti wa kijiji kumshtaki mama mkwe wangu. Usicheke kwanza. Nimesikia wamekuchagua kwenye halmashauri ya kijiji, na jambo la kwanza unalolitaka ni sheria kali ya pombe. Vizuri. Lakini nisikilize mimi niliyewahi kuichezea sheria hiyo.

Nilikuwa bibi harusi mpya huku Magamba. Mume wangu, Yohana, alikuwa mnywaji wa kupindukia, na wakati ule alikuwa ametimiza miezi mitatu bila kuionja. Kijiji kilikuwa kimeamuru vilabu vya pombe visifunguliwe kabla ya saa kumi jioni. Amri ile ilitusaidia, sitasema uongo. Yohana akitoka shambani alikuta mlango wa kilabu umefungwa, na ukija kufunguliwa mimi nimeshamwandalia chakula. Nilianza kunenepa kwa raha.

Kisha shamba likataka kulimwa kabla ya vuli. Mama mkwe akaita majirani waje watulimie, na kama ilivyo desturi yetu akatwanga miwa, akatengeneza dengelua ya kuwashukuru. Pombe ile haikuwa ya kuuza, kwa hiyo amri ya kijiji haikuihusu. Kila nikisikia mchi, niliingiwa na hofu. Nilijua Yohana hataweza kukaa na wenzake wakinywa yeye akitazama. Badala ya kumwambia mama, nikaenda kwa mwenyekiti, nikampa shikamoo yake na uongo juu: "Nyumbani kwetu kunauzwa pombe asubuhi."

Siku ya kulima, mgambo wakaja wakamwaga vyungu vyote. Majirani walifika na majembe yao, wakamkuta mama mkwe, mtu mzima wa kuheshimika, amesimama uani mbele ya mgambo. Wakaona aibu wakaondoka. Yohana akawafuata kwa hasira. Wakaingia nyumbani kwa mmoja wao, mahali ambapo hakuna amri inayofika, wakanywa tangu saa nne. Adhuhuri mume wangu alirudi ameshikiliwa mikono, na miezi yangu mitatu ikawa imekwisha. Nililia sana siku ile.

Mama mkwe aliujua ukweli kwa kunitazama tu. Alinikalisha jikoni, akanipa viazi nimenye, akaniuliza, "Mwanangu, hofu hii ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kutwanga, mama."

"Na nilikuwa natwanga mlangoni pako. Yohana ni mumeo, lakini mimi ndiye niliyemzaa. Mwenyekiti anaweza kukifunga kilabu. Mchi wangu hawezi kuninyang'anya. Wa kuniambia niuweke chini ulikuwa wewe."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwomba radhi nikiwa na kisu mkononi, machozi yakidondokea viazi.

Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba, na mimi nyuma yake, uso chini. Hakuzungukazunguka. "Mwanangu pombe inamuumiza," alisema. "Njooni mnilimie. Nitawapikia maharage na viazi na nyama, na uji wa kutosha. Pombe sitatoa."

Wakaja nusu yao. Mzee Shemboza, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwenzake Yohana wa kilabuni, alilalamika tangu mtaro wa kwanza: "Leo tunalimia uji kama watoto wa chekechea!" Lakini alilima. Yohana alijificha ndani kwa aibu mpaka mzee huyo alipoacha jembe, akaenda kugonga dirisha. "We Yohana, toka! Au unataka tukulimie na kukulia nyama yako?"

Akatoka. Walipomaliza alininong'oneza, "Nilidhani nikiiacha pombe nitalima peke yangu maisha yangu yote." Mwanangu, nilikuwa nimelala na mtu yule kitanda kimoja na sikulijua hilo.

Aliteleza tena mara mbili, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mara zote mbili tulimwinua, na tumezeeka naye vizuri.

Basi nakuusia. Vifunge vilabu vya pombe asubuhi, na asiuziwe mtoto. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipopigwa marufuku mimi nilipiga vigelegele. Ila sheria usiitume nyumbani kwa mtu kufanya kazi ya mdomo wako. Nenda kwanza ukaongee na mama anayetengeneza, na majirani wanaokunywa. Halafu yule anayejaribu kuacha, mwiteni shambani, mwiteni harusini, mpeni kiti na kikombe cha kitu kingine.

Nenda na radhi zangu zote. Mungu akupe ujasiri wa kusema nyumbani kabla ya kusema mkutanoni, na kila utakayembishia hodi akufungulie.