Kamba ya Mgunga wa Babu Nthiga

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Babu yangu Nthiga, mwenye mgunga na mizinga ya nyuki. Mama yangu Marigu, mke wa mwanawe wa kwanza. Wanja, mke wa mwanawe wa mwisho, Njue. Na huyo Njue alikuwa kazini mbali, hakujua lolote. Rwamba mkunga, dada ya nyanya yangu. Dresa Eliasafu, yaani mtibu wa zahanati ya kanisa, mtu wa Kibugu kule juu kwenye chai. Huyu hakuwa wa ukoo wetu, ila alikuwa ameanza kumposa shangazi yangu Gicuku, na hapo ndipo shida yote ilipotokea. Na mimi, ambaye nilikuwa na umri wa kuchunga mbuzi na kusikiliza mambo ya wakubwa.

Enzi zetu hizo, wenzangu, uhuru ulikuwa bado mpya, na huku kwetu chini ya Ishiara simu tuliisikia tu kwa waliofika Embu mjini. Ndipo kanisa likaleta redio ya kuitana. Kilikuwa kisanduku cha chuma, kimekaa juu ya meza ya Eliasafu, kinakula moto wa betri ya gari. Kilikuwa na maiki yenye kitufe ubavuni. Ukibonyeza unaongea, ukiachia unasikia, na ukimaliza neno lako unasema "ova" ili mwenzako ajue ni zamu yake. Kila asubuhi Eliasafu aliita hospitali kubwa huko mlimani, nasi watoto tulijaa dirishani kama kuku wakiona mtama.

Tulitengeneza zetu kwa mikebe na kamba ya katani. Tuliitana kutoka kichuguu hadi kichuguu, ova, ova, mpaka mbuzi wanaingia shamba la kunde la mtu. Siku moja mama aliniita nikajibu, "Nimekupata, ova." Kofi nililopata bado nalisikia. Akasema, "Ova ni ya Eliasafu. Wewe ukiitwa, kuja!"

Sasa redio ile haikusikia kitu bila waya wake. Waya ulitoka kwa kisanduku, ukapanda nguzo nyuma ya zahanati, ukavuka uwanja mpaka kwenye mgunga wa babu, maana hapakuwa na mti mwingine mrefu karibu. Mwisho wa waya ulifungwa kamba, na kamba ndiyo iliyofungwa kwenye tawi, ili waya wenyewe usiguse mti. Eliasafu alituonya sote, hata sisi wadogo: "Waya ukiwa chini, mtu asibonyeze hicho kitufe. Kitaungua ndani, na hapa hakuna wa kukitengeneza."

Babu alikubali mti wake utumike, lakini hakupenda. Mgunga ule ulikuwa na mizinga yake, na asali ya babu ilijulikana. Ikatokea nyuki wa mzinga mmoja wakahama. Babu akasema ni huo mngurumo wa redio ya Eliasafu umewafukuza. Asubuhi moja akapanda, akafungua kamba, akauchomoa waya kwenye nguzo, akaukunja vizuri kabisa, akauweka ghalani kwake.

Mnafikiri Eliasafu alifanya nini? Hakufanya kitu. Angemwambia nini baba ya msichana anayemposa? Mkwe hakemewi. Mkwe haulizwi uso kwa uso, anatumiwa mshenga. Basi Eliasafu akatuma neno kwao Kibugu, mshenga aje Jumamosi na kibuyu cha uji, akae na babu, wazungumze habari ya mvua na mifugo, halafu polepole afike kwenye waya. Na babu naye alijua, akawa anangoja aombwe kwa heshima. Kwa hiyo adabu ilikaa mahali pake, na redio ikakaa kimya.

Alhamisi, Wanja akashikwa na uchungu.

Walimleta zahanati alfajiri. Jua lilipopanda, Rwamba alitoka nje akijipangusa mikono, nami nikaona uso wake nikajua si vizuri. Alimwambia mama, "Mkono wa mtoto umetangulia. Hii si kazi yangu wala ya Eliasafu. Hii ni ya kisu cha hospitali."

Mvua ilikuwa imenyesha mlimani usiku kucha na mto Thuci ulikuwa umefurika. Gari la hospitali lingeweza kuja kwa barabara ya juu, lakini gari halitoki bila kuitwa. Mtu wa kwenda kwa miguu angefika jioni, na Wanja hakuwa na jioni.

Babu alikuwa amekaa mbali, nyuma ya stoo, ametupa mgongo, kwa sababu baba mkwe hasogelei mahali mke wa mwanawe anapojifungulia. Eliasafu alisimama mlangoni. Anaangalia mgunga. Anaangalia chini. Anaangalia mgunga tena. Huko ndani Wanja alikuwa ameacha kulia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kilio.

Mama yangu, ambaye tangu aolewe hakuwahi kumpandishia babu sauti, alivuka uwanja. "Baba, Wanja anakufa. Waya uko wapi?"

Babu alisimama, akaenda ghalani, akarudi na waya begani. Akaniambia mimi, "Wewe, leta kaa la moto na mavi makavu ya ng'ombe. Kimbia!"

Eliasafu akasema, "Nitapanda mimi, baba."

"Wewe wa majani chai, unajua nini juu ya nyuki? Wakuue, halafu nani aongee na hicho kisanduku chako? Ingia ndani!"

Eliasafu akauunga waya nguzoni, akaingia. Babu alivua blanketi, akauma kamba kwa meno, akashika bunda la mavi linalofuka moshi kwa mkono mmoja, akapanda. Nyuki baada ya mvua ni wakali, na mchana wenye jua ni saa ambayo hakuna mrina asali anayewagusa. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Walimshukia kichwani na mabegani kama mtu amemwagiwa punje za pojo. Babu akawa anawasemesha kwa sauti ya chini, kama anavyosemesha mbuzi. Akafika kwenye tawi. Akajaribu kufunga fundo. Kamba ikateleza. Akajaribu tena, na vidole vilikuwa vimevimba tayari, havikunjiki. Bunda la moshi likamponyoka, likaanguka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa redio, jicho moja mtini, jicho moja kwa Eliasafu, ambaye kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. "Usibonyeze! Bado! Usibonyeze!"

Babu akazungusha kamba kwenye kiganja chake, akavuta, waya ukakazana angani. Hakufunga. Alishika. "Ongeeni!"

Eliasafu akabonyeza, akaita. Akaachia. Ikaja sauti kama mahindi yanayokaangwa. Akaita tena. Mahindi tu. Mara ya tatu, mtu: "Nimekupata, Eliasafu! Kumbe uko hai! Habari za siku nyingi? Mvua huko vipi? Ova."

Na Eliasafu, mtoto aliyelelewa vizuri, akajibu, "Nzuri, mzee, mvua tunashukuru. Na nyumbani hawajambo? Ova."

"Eliasafu!" Mama alipiga kelele hata mbuzi wakaruka. "Baba anauawa na nyuki na wewe unasalimia watu!"

Hapo akasema yote kwa pumzi moja: mama mjamzito, mkono umetangulia, mto umejaa, leteni gari, ova. Akaachia kitufe. Kimya. Hicho kimya, wenzangu, huwezi kukiharakisha. Ukibonyeza kuuliza, humsikii anayekujibu. Lazima ungoje. Tukangoja, na babu huko juu bado ameikaza kamba.

"Gari linatoka sasa. Mleteni barabara ya juu. Ova."

Mama akapaza sauti, "Baba, wamesikia! Shuka!"

Babu akasema, polepole, "Basi mtu aje anishike mguu. Sioni."

Macho yalikuwa yamefumba kabisa. Na aliyepanda ni Eliasafu, mtu wa chai, bila moshi wala blanketi, analia kwa kuumwa, akaukamata mguu wa babu na kuuweka tawi kwa tawi mpaka chini. Mkwe kushika mguu wa mkwe! Rwamba alifunika uso.

Wanaume walimbeba Wanja kwa machela ya fito na mablanketi. Gari walilikuta. Mtoto hakupona. Wanja alipona, akarudi, akazaa wengine, na ndio hao mnaowajua.

Jumamosi mshenga alifika na kibuyu chake, akamkuta babu uso umevimba kama boga. Babu hakumpa nafasi ya kuanza habari ya mvua. Alisema, "Karibu, uji tutakunywa. Lakini mwambie huyo kijana asinitumie mtu tena. Ameshanishika mguu. Akiwa na neno, aje alitoe mwenyewe." Mizinga aliihamishia ng'ambo ya kijito, na kamba akaifunga kwa mkono wake. Tangu hapo kila asubuhi alipita dirishani kwa zahanati: "Umewaita? Wameitika?" Hakuondoka mpaka asikie.

Leo wajukuu zangu wana simu mfukoni, haina waya wala mti. Nikiwaambia mgongo unauma, wananiletea kapicha ka mikono miwili imekunjwa, eti wananiombea. Wanaongea wote pamoja, usiku na mchana, na hakuna wa kusema ova ili mwingine aseme. Mimi sikatai, simu ni nzuri, ingekuwepo labda mtoto wa Wanja angekuwa mzee mwenzenu leo. Lakini nikiwaita na hawashiki, huwa nafikiria ule mkono juu ya mgunga.

Watoto wa Gicuku na Eliasafu, kama mnasoma haya, na wewe mwingine uliyekuwa dirishani pamoja nami, nirekebisheni. Huenda mshenga alikuja Jumapili. Huenda ni nyuki wa mizinga miwili waliohama. Majina nina hakika nayo. Na kama kuna anayejua babu alikuwa anawaambia nini wale nyuki, aniambie, maana mimi nilikuwa chini, sikusikia.