Kituo cha Kwanza, Tangi la Pili

Onyo liliingia mchana, tukiwa chumbani kwetu Mbinga mjini: kituo cha pili, tangi la kwanza, kahawa imezidi muda. Hicho ni kituo cha kijiji cha Ukata. Kahawa iliyomenywa hulala tangini mpaka utelezi uachie. Ikizidi inachacha, na bei inakwenda na maji. Mimi na kaka yangu ndio tulioandika programu ya kuyachunga matangi hayo. Kaka akampigia mwenye tangi.

"Nimefungua," mzee akasema. "Bado inateleza kama bamia. Nyie vijana mnaota mchana?"

Kaka akamwomba radhi, akamsihi afunge tena. Tukatazamana. Kuna tangi lililokuwa linachacha kweli, na si hilo.

Nikafungua msimbo wa programu. Kila kipimo kilibeba namba mbili, ya kituo na ya tangi, na kwa kompyuta zote zilikuwa namba tu. Mahali fulani zilibadilishana nafasi. Basi ilikuwa kituo cha kwanza, tangi la pili: Litembo, kwa shangazi. Mchumo wake wa juma zima ulikuwa humo.

Nikampigia. Ikaita mpaka ikakata. Alikuwa kwenye sala ya jumuiya, na huko simu hukaa kikapuni mpaka sala iishe. Alikwenda akiwa ametulia kwa kuwa hatukumwonya.

"Geuza tu ule mstari," kaka akasema.

"Upi? Unaujua?"

Akasogeza kiti, akaanza kuutafuta.

"Kituo kiwe aina yake, tangi aina yake. Ukizipishanisha, kompaila ikatae," nikasema.

"Wewe na riwaya zako. Kila kitu lazima ukipe jina."

Nikaandika, simu nimeibana begani, inaita tena kwa shangazi. Kompaila, inayokagua msimbo, ikajaza kioo mistari myekundu, kila mmoja mahali tulipopokea namba bila kuuliza inatoka wapi. Kaka akaweka kidole kwenye mmoja.

Simu ikapokelewa.

"Shikamoo shangazi. Tangi lako..."

"Marahaba. Mbona hamkunionya?"

"Onyo lako lilikwenda Ukata. Kaoshe sasa hivi!"

"Ukata? Mna wazimu?"

Nikaiweka simu mezani kwa sauti ya nje; tukasikia kandambili zikipiga udongo, pumzi yake ikipanda mlima. Kisha maji. Kisha punje zikikwaruzana viganjani mwake kama changarawe, utelezi umekwisha.

"Inanukaje, shangazi?" kaka akauliza.

"Ya juu inanuka siki. Ya chini bado naitafuta. Msinipigie, nitapiga mimi."

Tukarudi kwenye mistari myekundu. Kaka akasoma, mimi nikaandika, simu katikati yetu.