Busu Linangoja Geti Lifungwe

Saa nane mchana, jua la Julai linaunguza mashamba ya majani ya Tolland, mashariki mwa Montana, na Ardis Tveit ametumbukiza mikono yote miwili kwenye friza, kati ya nyama ya ng'ombe na njegere zilizoganda. Anaichomoa ikiwa myekundu, anaikimbilia meza ya jikoni na kuandika: vidole vya Clay vilikuwa vimekufa ganzi, theluji ikimchapa usoni.

"Huwezi kuandika baridi huku unatiririka jasho," anasema bila kuinua kichwa. "Mimi naikopa humo."

Ardis ana miaka hamsini na tisa. Ni mke wa mfugaji, mpishi wa wakata majani, dereva wa trekta akiugua mtu, na mwandishi wa riwaya za mapenzi za Krismasi. Riwaya tamu, safi, zenye busu moja tu, tena mwishoni. Ameshatoa nane. Ya tisa ndiyo inayomtoa jasho jikoni.

Vitabu vya Krismasi hupikwa kiangazi. Mchapishaji anautaka mswada Ijumaa, na mwaka jana Ardis alichelewa. Mhariri wake amemkumbusha kwa upole kwamba nafasi yake ina wengi wanaoitamani. Kwa lugha ya mjini, hiyo ni fimbo iliyofungwa utepe.

Mswada ulikuwa umekwisha. Kisha akaupeleka kanisani.

Si mimbarini. Ni chini, kwenye chumba ambako wanawake wa Tolland hukutana kushona mablanketi ya viraka na kunywa kahawa nyepesi. Hakuna kitabu chake kisichopita hapo kwanza. Wiki iliyopita aliwasomea sura ambayo Clay, kijana wa riwaya hiyo, anasikia kwamba Josie, binti anayempenda, anahama. Anarukia pikapu, anapita geti la malisho, analiacha wazi, anamkuta Josie kibarazani na kumchumbia papo hapo.

Sindano zikasimama.

"Kaliacha wazi?" aliuliza Gunda Rasmussen, jirani yake wa miaka mingi.

"Ana haraka, Gunda. Anampenda."

"Na ng'ombe je?"

"Hii hadithi, mwenzangu."

"Kwani ng'ombe wa hadithi hawana miguu? Mwanamume wa kuacha geti wazi mimi simpi hata kikombe cha kahawa, sembuse binti."

Vernelle, mkwe wa Gunda, akajaribu kutuliza mambo. "Mama, mimi ningekuwa Josie ningemkubalia. Ila usiku ningekesha nikiwaza wale ng'ombe."

Huku kwetu geti ndilo kipimo cha mtu. Umelikuta limefungwa, liache limefungwa, hata kama nyuma yako kunawaka moto. Ardis amelifunga maisha yake yote, na bado lilimpita. "Nilikuwa na haraka ya busu," anakiri. "Nikamfanya kijana wa watu mjinga."

Mhariri hakuona tatizo. Merle, mume wa Ardis, naye hakuliona.

"Nani huko mjini atajua?" alimuuliza.

"Gunda atajua."

"Gunda ni mtu mmoja, mke wangu."

"Basi hujamfahamu Gunda."

Ni sura tatu za kuandika upya, na majani ya kulisha ng'ombe yamekatwa, yako chini yanangoja mvua iyaharibu. Mtu mwingine angetuma mswada hivyo hivyo na kulala. Lakini Ardis aliingia kwenye kazi hii kwa hasira, na hasira nzuri haichuji upesi.

Ilikuwa majira ya baridi baada ya ukame uliowalazimisha kuuza nusu ya ng'ombe. Fahali akamvunja Merle nyonga, na Ardis akakaa hospitalini akisoma riwaya za Krismasi alizoletewa na muuguzi. Katika mojawapo, kijana alibeba ndama aliyezaliwa dakika ile, na shati lake jeupe likabaki jeupe.

"Nikasema, huyu mwandishi hajawahi kukutana na ndama."

Akaanza kuandika. Miswada yake ya kwanza ilirudi kama njiwa wa kufugwa. "Nimefungiwa milango kuliko muuza bima," anacheka. Leo kila kitabu humwingizia kama dola elfu saba: dizeli ya trekta, daktari wa mifugo, na viatu vipya mwaka ukiwa mzuri.

Jumatano mawingu yakajikusanya magharibi. Ardis akanyanyuka kwenda kuwasha trekta. Merle akamzuia mlangoni.

"Kaa uandike. Dada yangu anakuja kuendesha. Mimi nitapika."

"Wewe?"

"Maharage ni maharage."

Yaliungua. Vibarua wakala, kisha mmoja akauliza kama hiyo ndiyo lami iliyobaki ya barabara ya kaunti. Ardis hakuinuka mezani.

Katika sura mpya, Clay anafika kibarazani, anafungua mdomo, kisha anatazama nyuma na kuona geti. Anaufunga mdomo. Anarudi kwenye theluji. Josie anavaa koti na kumfuata, na ni katika kuwarudisha ng'ombe gizani ndipo wanaambiana yale waliyoshindwa kuambiana kwa sura kumi na nne.

Mswada ukaenda Ijumaa. Jumatatu mhariri akapiga simu.

"Ardis, imetulia kuliko ya kwanza. Lakini hawezi kumbusu kwanza, halafu ndiyo akafunge?"

"Hawezi."

"Kwa nini?"

"Josie asingekubali."

Upande wa pili kukasikika kicheko. "Haya. Afunge."

Kitabu kitatoka Desemba. Ardis, akijua bao limeingia, hakukata simu. Akamweleza mhariri habari za cha kumi: mjane wa miaka sitini na miwili, anayeendesha ranchi peke yake. Mhariri akasema wasomaji hupenda vijana.

"Nikamwambia wasomaji wangu wana magoti mabovu na mioyo mizima," anasimulia akimenya viazi vya chakula cha jioni. "Akasema tutaona. Basi aone upesi, maana huyo mjane ameshatandika farasi."