Maandishi ya Bwana Shamsi

Mwanamkasi binti Mjaka aliajiriwa mwaka 1966, akiwa na miaka kumi na tisa, na siku ya kwanza alipewa kiti ambacho wenzake walikuwa wakikipita kwa mbali. Katokea Makunduchi, kasoma hadi darasa la nane, na hakuna aliyemweleza kitu. Kazi yake ilikuwa kutunza mafaili ya watumishi katika ofisi moja ya serikali huko Vuga, Unguja mjini. Aliyemtangulia, Bwana Shamsi Msabah, alitoka na watu wawili asubuhi moja, chai yake ikiwa nusu kikombe, asirudi tena. Hayo Mwanamkasi aliyajua baada ya mwezi mzima, kwa mnong'ono wa Ame, tarishi wa ofisi.

"Usimuulize mtu," Ame alimwambia. "Kikombe nilikiosha mimi."

Watumishi wengi walikuwa washaondoka tangu Mapinduzi, wengine ng'ambo, wengine hakuna aliyejua wapi. Serikali ilitaka watu wapya, na upesi. Mkuu wa ofisi, Bwana Abrahman, akamtaka Mwanamkasi aandae mpango wa miaka mitano: nani aajiriwe wapi, nani apelekwe kusoma, nani apandishwe cheo ili asiache kazi. Hakujua pa kuanzia. Akafungua mafaili, moja baada ya jingine, na pembezoni mwa kurasa akakuta maandishi madogo ya penseli ya Bwana Shamsi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alizofundishwa yeye chuoni, akisoma Kurani.

"Huyu mkono wake mwepesi, afunzwe upasuaji." "Huyu kachoshwa na mkubwa wake, si na kazi. Ahamishwe kabla hatujampoteza." Kwenye faili la Ame: "Anatengeneza taa za ofisi bila ya kufundishwa na mtu. Akasomee umeme."

Mafaili zaidi ya mia yalikuwa hivyo. Adhuhuri, wenzake wakishakwenda kusali na chumba kikawa kimya, Mwanamkasi alihisi mtu kasimama nyuma yake akimsomea. Aligeuka, hapana mtu. Akirudi kwenye ukurasa, maneno yanaendelea pale alipoyaachia.

Akayafuata. Mpango alioupeleka kwa mkuu ulikuwa wa Bwana Shamsi, neno kwa neno. Bwana Abrahman aliusifu. Ame akapelekwa Bara kusomea umeme, wauguzi wawili wakapata masomo, na Mwanamkasi mwenyewe akapandishwa cheo.

Mwaka 1969 Bwana Abrahman alifungua faili moja na kuyaona maandishi.

"Umeyasoma haya?"

"Naam."

"Yafute. Yote. Mimi sikuyaona na wewe hukuyaona." Kisha sauti ikamshuka. "Yeye ndiye aliyenifunza kazi, Mwanamkasi. Yafute."

Alifuta kwa wiki tatu. Kila ukurasa aliunakili kwanza kwenye daftari lake, kisha akashika raba. Jioni, mabaki ya raba yalikuwa yamemjaa mapajani kama majivu, naye aliyakung'uta ngazini kabla ya kwenda nyumbani.

Daftari lilipojaa alilipeleka Mkunazini, kwa Bi Biasha, mke wa Bwana Shamsi.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Nafanya kazi ofisini. Nimekuletea maneno ya Bwana Shamsi."

Bi Biasha alisoma kurasa mbili akiwa amesimama.

"Huu si mkono wake."

"Wake nimeufuta, Bibi. Niliamrishwa."

Bi Biasha akasoma ukurasa wa tatu, midomo ikimcheza. "Lakini ni yeye. Hivi ndivyo alivyokuwa akisema." Akalifunga daftari. "Na wewe, ulipoingia kazini, ulipewa nafasi ya nani?"

Mwanamkasi alikuwa kaliona zamani faili la Bwana Shamsi. Ndani mlikuwa na karatasi moja mpya, imepigwa taipu: nafasi wazi. Chini yake, tarehe aliyoajiriwa Mwanamkasi.

"Yake, Bibi."

Bi Biasha hakulia wala hakumfukuza. Alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, kama fundi anayempima mtu nguo, kisha akamwambia akae, kahawa ipo. Mwanamkasi alikaa.

Kazini aliendelea. Ila kuanzia hapo, kila barua ya kuajiri ilipofika mezani kwake, aliuliza, "Nafasi hii ilikuwa ya nani?" Mara alijibiwa kastaafu, au kafariki, au kahamia Pemba. Mara nyingine watu walitazamana. Mwaka 1972 Bwana Abrahman alimwita akamwomba, kwa upole, asiulize tena.

"We andika iko wazi, basi."

Akaandika. Lakini kila mara alingoja kidogo kwanza, kalamu mkononi, na vijana waliokuja kuajiriwa walikaa mbele yake kimya, wakidhani kawasahau majina.