Figa Mgongoni mwa Mama

Nilipokuwa mtoto, miaka mingi kabla sijaanza kupanda jukwaani na kulipwa kwa kuwachekesha watu, nilimwona mama yangu akizunguka kijiji cha Kinondo na jiwe mgongoni, amelifunga kwa leso kama anavyobebwa mtoto mchanga. Halikuwa jiwe la kuokota njiani. Lilikuwa figa, moja katika yale matatu tuliyokuwa tukipikia, jeusi kwa masizi, zito kama dhambi za mtu mzima. Mimi nimefanya vituko vingi mbele za watu. Nimevaa sufuria kichwani, nimeolewa na mbuzi, nimekufa na kufufuka jukwaani mara nyingi kuliko paka. Kituko kile cha mama sijawahi kukigusa. Siku hizi ndicho kinachonijia kila nikikaa, maana mume wangu ana jiwe kwenye figo, na mimi nimechoka hata kucheka nacheka kwa zamu.

Baba alikuwa mkwezi. Wakati ule mambo yote yalikuwa ni Uhuru. Sisi watoto tulifundishwa nyimbo shuleni, na wazee wa kijiji walikuwa wakipanga nani atapika, nani atapiga ngoma, na nani ataangua madafu ya wageni. Madafu hayo ilikuwa imekwisha kusemwa kwamba ni kazi ya baba. Hakuna aliyekwea kama yeye. Alipanda mnazi kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Asubuhi moja alikuwa juu ya mnazi katika shamba la Mzee Shee, tajiri wa minazi wa pale kwetu, na mimi na mama tulikuwa chini tukikusanya nazi. Ghafla nazi zikakoma kuanguka.

"Baba Saumu, vipi huko?" mama akaita.

Tulitazama juu tukamwona ameukumbatia mnazi, paji la uso limegandamana na gome, hashuki wala hapandi. Kisha akatoa mlio ambao sikuujua kuwa ni wake. Alishuka kidogo kidogo kama kinyonga, na alipofika chini hakuweza kusimama. Alijikunja, akatapika, akashika ubavu, akawa anagaagaa kwenye makuti makavu.

Mzee Shee akaja mbio kutoka uani kwake. Alimtazama baba kwa muda. Hakumwuliza wapi panauma. Alimwuliza, "Hamisi, umekula nini cha shamba hili?"

Hapo mama akaelewa kabla yangu. Mashamba ya kwetu, wenyewe walikuwa wakiyafukia kirapo, dawa ya kulinda mali. Mwizi akila nazi yenye kirapo, tumbo humshika hapo hapo, na hakuna wa kumponya ila aliyekifukia. Sasa hapa kuna mkwezi, ameshikwa tumbo, yuko juu ya mnazi wa mwenye kirapo. Watu watahitaji ushahidi gani tena? Na mkwezi akishaitwa mwizi, mnazi wa nani atapandishwa?

Baba alipelekwa hospitali ya Msambweni kwa baiskeli, amefungwa kwa shuka kwenye kiuno cha jirani aliyekuwa akiendesha, mama akifuata kwa miguu. Wakarudi na habari: ni jiwe, limo kwenye figo, linatafuta njia ya kutoka. Anywe maji mengi sana. Akojoe kwenye kopo ili jiwe likitoka lionekane. Lisipotoka, itabidi aende Mombasa akapasuliwe.

Ungesikia kisimani! "Jiwe? Kwani yeye ni kuku, anadonoa mawe?" "Limepitia wapi, hebu nionyesheni." "Mimi nilijua. Mtu hafungi mlango kumi na mbili jioni kama hana la kuficha." Na habari ya madafu ya Uhuru ikaanza kubadilika taratibu. Mkwezi mwingine, kijana wa Tiwi, akawa anatajwatajwa.

Aliyeyaleta hayo nyumbani alikuwa Bibi, mamake baba. Alikwenda kisimani na ndoo tupu akarudi na ndoo tupu, kwa hasira. Niseme ukweli kuhusu Bibi: yeye na mama hawakupatana. Mama alitoka bara ya Kinango, kwa wafugaji, na Bibi alimwita "huyu wa ng'ombe" hata mbele ya wageni. Nazi ikiwa haikukunwa vizuri ni kwa sababu ya ng'ombe. Mvua ikichelewa ni ng'ombe. Lakini siku ile alisimama mlangoni akamtazama mama kama mtu anayetafuta mwenzake wa kazi.

"Mwenye jiwe lisiloonekana," alisema, "mkewe hubeba linaloonekana. Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani. Jua likichomoza unalibeba, na halitui chini mpaka jua lizame. Kila ukilihamisha, mgongo au bega, mgonjwa anakunywa bakuli la maji. Likigusa ardhi mchana, la mumeo halitoki tena."

"Jiwe gani, Mama?"

"La nyumba hii."

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti. Mawe ya nyumba hii yalikuwa matatu tu, na yote yalikuwa jikoni.

"Tutapikia nini?"

"Tutaona," Bibi akasema.

Mila hiyo sijui aliitoa wapi. Nimewauliza wazee wengi, wa Kinondo, wa Msambweni, hata mmoja wa Mkwiro ninayemwamini sana kwa mambo ya kale. Wote wananitazama vile watu wanavyonitazama nikiwa jukwaani, wakingoja sehemu ya kuchekesha.

Kesho yake mama alilichimbua figa, akalipangusa kidogo, akalifunga mgongoni. Mimi nilikuwa mtoto wao pekee na nikaona wivu, kwa sababu alilifunga vizuri, akaliwekea hata kitambaa chini yake lisimchubue. Alikwenda nalo kisimani, akaenda nalo shambani, akafulia nalo. Watoto walimfuata.

"Mama Saumu, mtoto wako mbona halii?"

"Ameshiba," mama akajibu, akaendelea na safari yake.

Siku ya kwanza hakuna aliyetuletea chakula. Meko yalikuwa na mafiga mawili, na kwa mafiga mawili huwezi kupika hata fikra. Tulitafuna muhogo mbichi na nazi. Siku ya pili jirani yetu Mwanaidi akaleta uji, akauweka kizingitini. Siku nyingine ikaja samaki wa kuchoma, ikaja sufuria ya maharagwe. Ukubwani ndipo nilipolifahamu jambo lile. Hakuna anayempikia mwizi. Kila chungu kilichoingia kwetu kilikuwa ni mtu mmoja aliyeamini kuwa baba ana jiwe. Bibi alijua. Alikuwa akikaa uani na kutaja majina kwa sauti ya chini: nani ameleta, nani hajaleta. Nyumba ya Mzee Shee ilikuwa haijaleta.

Baba alilala kwenye kitanda cha kamba. Maumivu yalikuja na kuondoka, na yalipokuja aliuma shuka mpaka ikatoboka. Mama alimsugua ubavu kwa mafuta ya nazi, amepiga magoti, jiwe mgongoni likimvuta nyuma, na yeye akijivuta mbele.

"Mama Saumu, litue hilo. Watu wananicheka."

"Kunywa."

"Nimejaa. Nikitikiswa ninasikika kama dafu."

"Kunywa, Baba Saumu."

Neno lake lilikuwa hilo tu. Kila akihamisha jiwe, bakuli. Na kwa kuwa jiwe lilikuwa zito na yeye alikuwa amechoka, alilihamisha mara nyingi, na baba akanywa mara nyingi. Daktari wa Msambweni angelipenda sana jiwe lile.

Lakini mwili una mwisho. Mchana mmoja, kisimani, nilikuwa nimemshika mama leso nikaisikia ikitetemeka. Goti moja likashuka. Leso ikalegea, jiwe likaanza kuteleza kiunoni, na wale wanawake wote wa kisimani wakageuka kutazama. Bibi, ambaye siku zote alilalamika miguu, alifika kabla ya jiwe. Alilipokea kwa mikono miwili karibu kabisa na mchanga.

"Nifunge," akamwambia mama.

"Mama, utavunjika."

"Nilimbeba yeye mwenyewe kwenye mgongo huu. Na alikuwa akipiga mateke. Hili limetulia. Nifunge, mwanangu."

Mwanangu. Mama alimfunga huku akilia, na sidhani kama alilia kwa sababu ya uzito.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa fupi. Bibi hakuifuata. Alizunguka na shamba, ameinama kama ndoana, mimi na mama nyuma yake, mpaka mlangoni kwa Mzee Shee.

"Hodi!"

Akatoka mkewe, Bi Zuhura. "Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Ninaomba maji ya kunywa."

"Karibu ukae, Bibi."

"Kukaa siwezi. Nina mwanangu mgongoni, mgonjwa."

Bi Zuhura alilitazama lile figa lenye masizi, akaitazama leso ya Bibi iliyokwisha kuwa nyeusi, kisha akamtazama mama. Alileta maji kwenye bilauri ya kioo, ile ya wageni, akamshikia Bibi mpaka akamaliza.

Tulipofika kwetu tukamsikia baba nyuma ya nyumba. Kelele ya kwanza ilikuwa ya maumivu. Ya pili ilikuwa ya bati: tii! Kitu kidogo kimepiga ukuta wa kopo. Kisha baba akatokea ameshika kopo lake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai, jasho linamtiririka.

Mama alimwaga maji taratibu. Chini kabisa kilibaki kijiwe cha kahawia, chenye miiba, kama punje ya mtama.

Bibi akasogea, jiwe lingali mgongoni, akainama kutazama. Akatazama sana.

"Hiki?"

"Ndicho, Mama," baba akasema.

"Hiki ndicho kilichotulaza na njaa?"

Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, na kicheko kikageuka kilio bila kusimama njiani, nami nikajifunza siku ile kwamba vitu hivyo viwili vinakaa nyumba moja. Tungali hapo, hatujamwambia mtu yeyote, binti wa Bi Zuhura akaingia uani na sinia la wali limefunikwa kwa kawa. Mama aliyeyastahimili yote hayo akaliangalia lile sinia, akaegemea ukuta, akafunika uso.

Madafu ya Uhuru aliangua baba. Yalianguliwa kwenye minazi ya Mzee Shee.

Waliobaki kugombana ni Bibi na mama. Kwa miaka yote iliyofuata Bibi aliwaambia watu, "Huyu alilibeba siku zote, halikutoka. Mimi nimelibeba hatua chache, tii!" Na mama alijibu, "Aliyechosha ng'ombe si anayemchinja." Ndiyo, ng'ombe: tusi la Bibi alikuwa amelifanya neno lake. Bibi alifariki wakigombana hivyo, na mama ndiye aliyemwosha.

Sasa ni zamu yangu. Mume wangu Salim ni mtunza stoo katika hoteli moja ya Diani. Maumivu yakimpata hulala sakafuni mle stoo, na yakimwachia hurudi na uso wake ule ule mzuri, na mkubwa wake hunena kwamba watu wa pwani wanapenda kulala. Nyumbani ninampimia maji, ninamsugua, ninamfanyia mzaha mpaka ananiomba ninyamaze. Jumamosi ninapanda jukwaani macho mekundu, watu wanadhani ni sehemu ya mchezo. Kuchoka kwa anayeuguza hakupigwi picha kokote.

Juma lililopita nilikwenda kwa mama. Anapikia mafiga bado. Jiko la makaa nililomnunulia amepandia mchicha. Nilimweleza. Alisikiliza, akainuka kwa shida, akaondoa sufuria motoni, akaanza kulichokonoa lile figa kwa kijiti.

"Mama, mimi nina gari la kazi, nina mtungi wa gesi, nina umri huu. Nitalibeba vipi hili mjini Ukunda mchana?"

"Kwa leso." Akalipangusa. "Na ukichoka sana, mwite bibi yako huko aliko. La baba yako lilitoka zamu yake, si yangu."

Nilimtazama. Miaka yote ile ya ubishi.

"Usimwambie mtu," akasema.

Figa linakaa mapajani mwangu ninapoandika haya, katika benchi la kungojea la hospitali, Salim yuko ndani. Mama mmoja amenisogezea nafasi bila kuuliza. Mwingine ameniuliza nani mgonjwa, nikamwambia, akanimiminia chai kutoka thamosi yake. Sijui kama jiwe linalivuta jiwe. Ninajua kwamba tangu asubuhi watatu wamenipa pole, na kabla ya leo hakuna aliyejua kuwa ninahitaji.

Siku ile nilipolipakia garini, nilikumbuka kitu nikarudi mlangoni. Mama alikuwa ameketi mbele ya mafiga mawili, sufuria kando yake, wali haujaiva.

"Na wewe je? Utapikia nini?"

Hakugeuka hata kunitazama.

"Kwani majirani wamehama?"