Siri Aliyofundwa na Somo

Mimi ni mtu wa kucheka. Hata alama zangu za kidato cha nne nilizicheka, maana kulia kusingeziongeza. Nikasomea ushauri nasaha katika chuo cha pale Buxton, nikajikokota kwa masomo ya jioni hadi digrii, nikaanza kuota uzamili wa saikolojia ya uhalifu: kukaa na mtu aliyeua, kumsikiliza, kisha kumweleza hakimu yaliyompata kabla ya siku ile. Mama akiwaambia majirani, "Huyu wangu ataka kuwa daktari wa wauaji. Kila mchumba atamkimbia."

Chuo cha uzamili kilitaka kwanza nifanye kazi chini ya mtaalamu. Nikampata daktari mmoja, mama wa bara mwenye ofisi Mbaraki, ambaye mahakama humtumia kuandika ripoti za washtakiwa. Siku moja akaniambia kuna binti wa Mji wa Kale gerezani, twende wote, huenda akiniona mimi, mtu wa huko kwao, atafunguka.

Nilimjua, alikuwa shoga yangu. Aliolewa nyumba iliyoshikana na yetu, nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Vichochoro vyetu ni vyembamba, ukipiga chafya huku, wa kule anakuombea rehema. Kipigo chake tulikisikia sote, tukaongeza sauti ya redio. Asubuhi moja alimchoma mumewe kwa kisu cha kukatia samaki, mume akafa.

Daktari akamwuliza habari za ndoa.

"Marehemu alikuwa mtu mwema. Hakuninyima kitu."

"Aliwahi kukupiga?"

Akanitazama mimi, si daktari. "Alhamdulillahi, mama. Tuliishi kwa wema."

Garini nikamweleza daktari tuliyokuwa tukiyasikia. "Nakuamini," akasema. "Nitaandika kwamba majirani walisikia. Lakini akikana mwenyewe mbele ya hakimu, hayo yako yatakuwa umbea."

Aliyemfunga ulimi nilimjua pia. Kwetu mwari haolewi mpaka afundwe na somo, mwanamke mtu mzima anayemwekea mambo ya ndoa kifuani, na la kwanza ni kwamba aibu ya mume haitoki nje ya mlango. Alichokifunga somo, hukifungua somo. Nikamwendea, nyumba ya pili kutoka yetu. Nikamkuta ndani akitunga asumini za harusi nyingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Waja kufundwa? Mchumba kapatikana?"

"Bado, bibi. Nimekuja kwa ajili ya mwari wako. Mwambie aseme."

"Aseme lipi?"

"Ulilokuwa ukilisikia."

Akavuta uzi taratibu. "Mimi nilisikia redio yenu."

"Bibi, atafungwa."

"Atafungwa na sitara yake. Akitoka, ana watu wa kumpokea. Akimvua marehemu nguo mbele ya watu baki, atarudi kwa nani? Na wadogo zake, nani atakuja kuwaposa? Utawaoa wewe na vitabu vyako?"

Uzi ukamponyoka, asumini zikammwagikia mkekani. Nilitaka kumchukia, nikajikuta nimepiga magoti namwokotea.

Mahakamani, hakimu akamwuliza binti kama ana neno juu ya ripoti. Akasema majirani wamekosea, mumewe hakumgusa hata siku moja. Nyuma yangu nikawasikia shangazi zake wakishusha pumzi, kama watu waliofikishiwa mzigo salama. Akapewa miaka kumi na mitano.

Mwezi haujaisha, nikaitwa chuoni kwa usaili. Wakaniuliza kwa nini nataka fani hii. Nikawaeleza yote: kipigo, redio, asumini mkekani, na yeye pale kizimbani. Nilieleza vizuri, sijawahi kueleza kitu vizuri hivyo. Profesa mmoja akavua miwani, akasema hapo pana utafiti mzuri. Nafasi nikapata. Mama akagawa halua mtaa mzima, na somo akapelekewa sahani yake.

Nikaenda gerezani kumpa binti habari. Alifurahi kweli, akacheka kama tulivyokuwa tukicheka zamani, akaniuliza nitasoma miaka mingapi na kama nitavaa koti jeupe. Kisha akasogea karibu, akateremsha sauti.

"Shoga yangu, nakuomba kitu kimoja. Huko uendako, yangu usiyataje."

Nikamwitikia, "Sitayataja." Akanishukuru.

Nilikuwa nimeshayataja.