Nilituma Kigoma kifuko cha Halloween chenye jina la mtoto mwingine

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko nyumbani na tuliotawanyika.

Leo naleta yangu. Sitaongeza chumvi, na nikijisifu mahali mnivumilie. Wa kucheka chekeni mapema, maana huko mwisho hapachekeshi.

Mwaka 2011 nilikuwa Durban, natunza mtoto kwenye nyumba moja ya Morningside. Chumba nilipanga Sydenham na Mama Grace, Mkongomani, msusi. Mwanangu Mariamu, miaka saba, nilimwacha Kigoma kwa mama yangu. Baba yake msiniulize.

Oktoba madam akasema anamfanyia mwanawe party ya Halloween. Kwa msioijua: watoto wanavalishwa kama mizimu, halafu wanapewa pipi za kuondoka nazo. Mimi niliyekuwa nachapwa nikitaja tu mizimu, sasa nalipwa niipambe!

Madam hakutaka vifuko vya dukani, alitaka vya karatasi, vya kutengeneza kwa mkono. Akafungua video, akakunja, akamwaga gundi mezani. Kifuko cha kwanza kikafumuka chini. Cha pili hivyo hivyo.

Nikamwambia, "Madam, leave it for me."

Wakuu, mimi nimekulia kwenye vifuko. Mama yangu aliuza karanga, na sisi watoto ndio tuliokunja kurasa za madaftari ya zamani na kuzigundisha kwa uji wa ngano. Nikakoroga uji wangu kwenye sufuria ya madam, nikachukua karatasi za kaki zile za kufunikia madaftari, nikakunja ishirini na nne kabla ya chai ya saa kumi. Kitako kimesimama, mdomo umenyooka. Nikakata macho ya mzimu, nikafunga utepe wa rangi ya chungwa. Madam akapiga picha mpaka nikaona aibu.

Kisha akanipa list ya wageni. Nikaandika jina moja moja kwa wino mweusi, ule mwandiko wa shule ya msingi.

Jioni nikampigia Mariamu, nikamsimulia yote, mizimu, utepe, majina. Akacheka sana. Nikamwambia, "Na wewe nitakutumia chako."

Siku ya party mtoto mmoja hakuja, Jessica, alikuwa na tetekuwanga. Kifuko chake kikabaki kimejaa chokoleti na tofi. Madam akasema nichukue. Nikafurahi, kwa sababu Baba Fiston, jirani yetu Mrundi anayeuza nguo, alikuwa anasafiri kwa basi keshokutwa na angepitia Kigoma.

Mama Grace akanikuta nakifunga kwenye nailoni.

"Eh, dada, juu pale iko jina ya mutoto mungine. Utamutumia vile?"

"Pipi ni pipi," nikamjibu.

"Eish. Mutoto anajua kusoma, dada."

Nikamcheka. Na karatasi za kaki zilikuwa zimebaki kwa madam, nyingi tu. Uji wa ngano ni dakika tano. Nilikuwa nimechoka, na nikaona ni kitu kidogo. Sina utetezi mwingine.

Kilipofika nikapiga simu. Mariamu akasema, "Nimekiona mama, asante," akampa bibi yake simu. Nikadhani ni haya za kitoto.

Makaratasi yangu ya ukaazi yakasumbua, sikuweza kwenda nyumbani mpaka 2013. Mariamu ana miaka tisa. Akaniamkia kama anavyomwamkia mgeni, akanipokea begi.

Nilipomaliza kula akaingia chumbani, akatoka na kile kifuko. Kitako bado kimesimama. Chokoleti ilikuwa imeyeyuka ikaacha doa kubwa la mafuta, lakini utepe haujafunguliwa.

"Mama, hiki cha Jessica. Nimemtunzia. Ukirudi umpelekee."

Nikamuuliza kwa nini hakula. Akanishangaa.

"Si cha kwake? Jina lake hili hapa."

Halafu akauliza polepole, "Na kile changu, Baba Fiston alikipoteza kwenye basi?"

Wakuu, majina ishirini na nne niliyaandika kwa mkono huu ninaochapia hapa. La mtoto niliyemzaa halikuwemo. Na yeye miaka miwili yote aliamini limeandikwa, ila limepotea njiani.

Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Kilipotea."

Nikaenda kulia chooni.

Kesho yake nilinunua karatasi ya kaki, nikamkunjia kimoja, nikaandika MARIAMU kwa herufi kubwa. Akashukuru vizuri, akasema atawekea penseli. Hakuuliza kitu tena.

Mlio mbali na watoto wenu, nililojifunza ni hili: msiwatumie masalio ya mtoto mwingine. Kama huna kitu, tuma karatasi tupu yenye jina lake. Kuishi nao kwa simu ni kugumu, najua, lakini wanasoma kila tunachotuma.

Sasa niko Durban tena na Mariamu ana kumi na moja. Baba Fiston bado ananibebea mizigo. Kila akifika pale nyumbani Mariamu anaingia ndani, hamsalimii. Juzi mzee wa watu akaniuliza:

"Dada, yule mutoto wako, nilimukosea nini?"

Nikamwambia ana haya tu.

Nishaurini wakuu. Nimwambie Mariamu ukweli, au nimwache aendelee kumchukia mtu asiye na kosa? Hata wa kunitukana karibuni, nitasoma zote.